Maswali ya Wasomaji: Wazazi Wanapogombana, Waende kwa Nani?

Katika toleo hili tumekusanya barua saba zinazogusa jambo moja, nalo ni msaada ambao wazazi wenye migogoro wanaweza kuupata karibu na wanapoishi: kwa mnasihi, kwa msuluhishi wa masuala ya familia, kwa afisa ustawi wa jamii, katika kliniki ya mama na mtoto, shuleni, au katika makundi ya wazazi yanayokutana kila wiki. Majina ya walioandika tumeyaacha, na maelezo ambayo yangeweza kumtambulisha mtu tumeyapunguza.

Swali: *Mimi na mume wangu hatupigani wala hatutukanani. Tunanuniana. Mara ya mwisho tulikaa siku tisa bila kusemezana, na kila alichotaka kuniambia kilipitia kwa binti yetu wa miaka minane: "Mwambie mama yako kesho nitachelewa." Mtoto akigeuka ananikuta nimekaa hatua tatu kutoka hapo, nimeyasikia yote, lakini ananirudia neno kwa neno, nami namjibu yeye. Nikifikiria kwenda kwa mshauri naona aibu, kwa sababu sina alama ya kumwonyesha wala tusi la kumnukulia. Je, huu nao ni ugomvi wa kupeleka kwa watu?*

Jibu: Ni ugomvi, dada yangu, na pengine ndio unaochelewa kuliko wote kufika kwa mshauri, kwa kuwa majirani hawausikii na ndugu hawana cha kuulizia. Wataalamu wa familia hawaupimi ugomvi wa wazazi kwa ukubwa wa sauti. Wanauliza unatokea mara ngapi, unachoma kiasi gani, na kama unafikia mwisho au unafukiwa ukiwa hai. Watu wanaolea watoto pamoja watatofautiana tu, juu ya fedha, juu ya kazi za nyumbani, juu ya wakwe, juu ya namna ya kumrudi mtoto aliyekosa, na tofauti hizo peke yake hazimdhuru mtoto. Kinachomdhuru ni ugomvi unaojirudia, wenye ukali, na usiofungwa. Kimya cha siku tisa kinaingia katika hilo la mwisho bila kupiga hodi.

Mwanasaikolojia E. Mark Cummings wa Chuo Kikuu cha Notre Dame nchini Marekani alitumia miaka mingi kuchunguza jinsi watoto wanavyoupokea ugomvi wa wakubwa. Katika sehemu ya kazi hiyo watoto walionyeshwa watu wazima wakigombana, huku mwisho wa ugomvi ukibadilishwa. Walioona mgogoro ukimalizwa walitulia, na walioona ukiachwa ukining'inia walibaki na wasiwasi. Lililo muhimu kwako ni kwamba hata pale watu hao walipomalizana faraghani, mtoto akaelezwa tu kwamba yamekwisha, au akajionea mwenyewe kwamba wamerudi kuzungumza vizuri, wasiwasi wake ulipungua. Mwaka 1994 Cummings na mwenzake Patrick Davies walilieleza jambo hili kwa hoja ya usalama wa kihisia: mtoto anayeshuhudia wazazi wakigombana hashughulishwi sana na nani mwenye haki, bali anajiuliza kama nyumba itasimama, na yeye atakuwa wapi ikianguka. Asipopewa jibu, hujitungia lake, na mara nyingi katika jibu hilo mkosaji ni yeye.

Kwa hiyo lipo jambo ambalo halimsubiri mshauri. Mwondoeni binti yenu katika kazi ya utarishi leo hii. Kama hamuwezi kusemezana, andikianeni kwenye karatasi au kwenye simu, lakini maneno yenu yasipite tena mdomoni mwake. Umesema anayarudia neno kwa neno. Siku atakapoanza kuyapunguza makali ili yasikuudhi, jueni kwamba nyumba yenu imepata msuluhishi wa miaka minane. Kisha mwambieni, mkiweza wote wawili, kwamba baba na mama wamekosana juu ya mambo yao, kwamba si kwa sababu yake, na kwamba wanayashughulikia.

Kuhusu wa kumwendea, tafuteni mnasihi wa wanandoa au wa familia, awe katika kituo cha afya, katika ofisi ya ustawi wa jamii au katika taasisi ya dini yenye mtu aliyesomea kazi hiyo. Hatakudai alama wala tusi. Atataka kujua kimya kinaanzaje: nani anasema nini, nani anageuka, nani anamfuata mwenzake chumba hadi chumba akitaka jibu, nani anafunga mlango. Mara nyingi inaonekana kwamba mmoja anafuata kwa sababu mwingine anakimbia, na huyu anakimbia kwa sababu yule anafuata, wala hakuna anayekumbuka nani alianza. Mtafiti wa Marekani John Gottman, aliyewapima wanandoa mapigo ya moyo wakiwa katikati ya mabishano, alieleza kwamba moyo ukivuka takriban mapigo 100 kwa dakika mtu hasikilizi tena, hata akitaka, na kwamba mwili unahitaji walau dakika 20 ili kurudi katika hali yake. Huenda mumeo anaponyamaza dakika zile za kwanza hakudharau, bali amefurika. Ila dakika 20 si siku tisa, na hapo ndipo mnasihi atakapowafundisha tofauti kati ya kupumzika na kununa. Anayepumzika anataja saa ya kurudi: "Sasa hivi siwezi. Tuendelee saa mbili usiku." Saa mbili ikifika, anarudi. Sentensi hiyo fupi huchukua wiki kadhaa kuizoea, na nimeona watu waliokaa katika ndoa miaka ishirini wakiifanyia mazoezi mbele ya mshauri kama wanafunzi wa darasa la kwanza.

Swali: *Tuna mtoto wa miezi saba. Tangu azaliwe tunagombana karibu kila usiku, zaidi kuhusu nani aamke. Mwenzangu anasema tusihangaike na washauri maana mtoto bado haelewi lugha, na akianza kuelewa tutakuwa tumeshatulia. Ana haki?*

Jibu: Kuhusu lugha ana haki. Kuhusu mtoto, hapana. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto wachanga wa miezi 6 hadi 12 waliopimwa ubongo kwa mashine wakiwa usingizini, huku wakisikilizishwa sauti ya mtu ikisema maneno yasiyo na maana kwa hasira, kwa furaha na kwa utulivu. Watoto waliotoka katika nyumba zenye ugomvi mwingi zaidi kati ya wazazi walionyesha mwitikio mkubwa zaidi kwa sauti ya hasira, katika sehemu za ubongo zinazohusika na mfadhaiko na hisia. Walikuwa wamelala, na maneno yenyewe hayakuwa na maana.

Sisemi hayo ili kuwatisha. Wazazi wa mtoto wa miezi saba wanaogombana usiku ni watu wenye usingizi pungufu kwanza, na wagomvi baadaye. Mwelezeni muuguzi wa kliniki mnapompeleka mtoto kupimwa uzito, kwa maneno haya haya mliyoniandikia, kwani katika nchi nyingi wahudumu wa mama na mtoto ndio mlango wa kwanza wa huduma hizi. Uingereza, katika mpango wake wa kupunguza migogoro ya wazazi ulioanza mwaka 2018, iliwekeza katika kuwafundisha watu wa aina hiyo, wanaokutana na familia kila siku, wautambue ugomvi mapema na wajue pa kuwaelekeza wahusika. Mwombeni pia muuguzi awaulize nyote wawili kuhusu huzuni baada ya uzazi, maana huwapata akina baba pia, na hasira ya usiku ni mojawapo ya sura zake. Zamu za kuamka zipangeni mchana. Saa tisa ya usiku si saa ya kujadili haki.

Swali: *Mke wangu anataka twende kwa msuluhishi wa familia. Mimi ni mtu wa siri, na kwetu mambo ya ndani hayatoki nje. Zaidi ya hapo, ninahofu kwamba nitaketishwa mbele ya mtu asiyenijua, asikilize shutuma za upande mmoja, kisha anipe hukumu. Naomba unieleze kwa undani: siku ile ya kwanza kinafanyika nini hasa? Na je, nikikubali kwenda, nimekubali kwamba nina makosa?*

Jibu: Hofu yako, kaka, inatokana na picha ya baraza: mlalamikaji, mlalamikiwa, na mzee anayekata shauri. Ungekuwa unaitwa kwenye baraza la namna hiyo ningekuelewa kabisa. Usuluhishi wa kifamilia umejengwa kwa namna nyingine, na msuluhishi aliyefundishwa kazi yake hana mamlaka ya kumwambia yeyote kati yenu kwamba ndiye mkosaji. Ukimsikia anatoa hukumu, una haki ya kumkumbusha mipaka yake au kutafuta mwingine.

Kwa kawaida mambo huanza kwa kila mmoja kuonwa peke yake, pengine kwa muda wa nusu saa hadi saa moja. Utaulizwa unataka nini kibadilike, watoto wana umri gani, mna makubaliano gani kuhusu fedha na malezi. Utaulizwa pia kama unamwogopa mkeo, naye ataulizwa kama anakuogopa. Usichukulie swali hilo kuwa tusi, maana kila mteja huulizwa, na ofisi isiyoliuliza mimi huitilia shaka. Baada ya hapo mtaelezwa kuhusu siri: yanayosemwa humo hayatoki, isipokuwa pale ambapo mtoto au mtu mwingine yuko hatarini. Soma fomu ya usiri kabla ya kutia sahihi, na uliza nani huyaona maandishi ya mikutano na yanahifadhiwa kwa muda gani. Kwa mtu wa siri kama wewe, maswali hayo yatakusaidia kuliko kukataa kwenda.

Mkishakutana wote, msuluhishi huweka kanuni chache, kama vile kutokatizana na kutoleta makosa ya miaka iliyopita, kisha huwataka mtaje mambo ya kuzungumzwa. Hapo ndipo ufundi wake huonekana. Tuseme mkeo anaanza: "Huyu bwana hajali kabisa, watoto wanalala hawajamwona." Nyumbani ungejibu kwamba unafanya kazi kwa ajili yao, naye angejibu kwamba na yeye anafanya kazi, na baada ya dakika tatu mngekuwa mnazungumzia harusi ya mdogo wako. Msuluhishi hushika sentensi ile kabla hujaijibu, na kuigeuza: "Unasema ungependa watoto wamwone baba yao kabla hawajalala. Kwa wiki, mara ngapi?" Ghafla mna jambo lenye idadi. Mnaweza kukubaliana mara tatu, mkajaribu wiki mbili, mkarudi kusema ilikuwaje. Hatimaye makubaliano huandikwa kwa maneno yenu wenyewe.

Kwenda si kukiri kosa. Gottman, niliyemtaja hapo juu, alikadiria kwamba sehemu kubwa ya yale wanandoa wanayobishania, takriban asilimia 69, ni mambo ya kudumu yanayotokana na tofauti za tabia na mahitaji, ambayo hayataisha hata mkigombana miaka hamsini. Katika mambo ya namna hiyo kumtafuta mkosaji ni kupoteza muda. Kinachoweza kubadilika ni jinsi mnavyoyazungumza: bila dharau, bila kushambulia tabia ya mtu pale mlipopaswa kuzungumzia tendo lake.

Ikiwa bado chumba cha watu watatu kinakubana, uliza kama karibu nanyi kuna kundi la wazazi. Watafiti Philip na Carolyn Cowan wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walilinganisha makundi ya wiki 16 ya akina baba peke yao na makundi ya wiki 16 ambayo baba na mama walihudhuria pamoja. Yote mawili yaliongeza ushiriki wa baba katika malezi, lakini yale ya wazazi wawili yalileta manufaa mapana zaidi, hata katika uhusiano wa wazazi wenyewe. Katika kundi unaweza kunyamaza wiki ya kwanza na ya pili ukiwasikiliza wengine wakieleza ugomvi uliodhani ni wa nyumbani kwako tu.

Swali: *Nilitengana na mama wa watoto wangu miaka miwili iliyopita. Kila ninapowarudisha watoto Jumapili jioni tunagombana mlangoni, wao wakiwa wameshika mabegi yao. Mdogo ameanza kuumwa tumbo kila Jumapili mchana. Nimependekeza msuluhishi, lakini mzazi mwenzangu anasema hawezi kukaa meza moja nami. Je, nimpeleke mahakamani?*

Jibu: Mahakama ipo, na kuna mashauri yanayoihitaji, lakini mahakama itaamua watoto walale wapi na lini, wala haitakuwepo mlangoni Jumapili jioni. Tumbo hilo lichukulie kwa uzito. Mpeleke mtoto kwa daktari ili magonjwa mengine yaondolewe shaka, na umtajie daktari ratiba hiyo ya maumivu, kwa sababu wasiwasi wa watoto wadogo mara nyingi hukaa tumboni.

Anachokikataa mzazi mwenzako ni meza, pengine si usuluhishi. Uko utaratibu ambao kila mmoja hukaa chumba chake na msuluhishi huenda na kurudi kati yenu, na upo unaofanyika kwa simu au kwa video, kila mtu akiwa kwake. Mwombe msuluhishi mwenyewe awasiliane naye ili amweleze hivyo; pendekezo likitoka kwako litasikika kama mtego, kwa jinsi mlivyo sasa. Ila kama sababu ya kukataa kwake ni hofu, msuluhishi atapaswa kuijua, na wewe utapaswa kuiheshimu.

Serikali nyingi zimeona faida ya kuanzia huku. Nchini Norway, wazazi wenye watoto wa chini ya miaka 16 wanaotengana hutakiwa kuhudhuria usuluhishi kwa saa moja angalau, na huweza kupewa hadi saa sita za ziada. Australia ilianza kufungua vituo vya mahusiano ya familia mwaka 2006, na kwa kawaida anayetaka shauri la malezi lisikilizwe mahakamani huonyesha kwanza cheti kuhusu usuluhishi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo hutaka mgogoro upite katika baraza la usuluhishi kabla ya ombi la talaka, isipokuwa katika mazingira maalumu. Uthibitisho unaonivutia zaidi ni wa Robert Emery wa Chuo Kikuu cha Virginia. Familia zilizokuwa njiani kwenda mahakamani kugombea malezi ziligawanywa kwa bahati nasibu, nyingine zikapelekwa kwenye usuluhishi, nyingine zikaendelea na kesi. Usuluhishi ulichukua saa tano au sita tu kwa wastani, lakini miaka 12 baadaye wazazi wasioishi na watoto waliopitia njia hiyo walikuwa karibu zaidi na watoto wao kuliko wale waliopitia kesi.

Mnachohitaji kukitoa humo ni mpango wa malezi ulioandikwa, nao uingie katika mambo madogo kwa kuwa ndiyo yanayowagombanisha: saa ya kumkabidhi mtoto na dakika za kuvumilia ucheleweshaji, nani humpeleka hospitali, mizigo gani hurudi na mtoto, likizo zinagawanywaje, na taarifa zinapitia njia gani. Kuhusu mlango, jaribuni makabidhiano yasiyowakutanisha: mmoja awapeleke shuleni asubuhi, mwingine awachukue mchana. Mazungumzo ya fedha yaingie kwenye ujumbe wa maandishi mmoja kwa wiki, wenye mambo ya watoto tu, mfupi, usio na neno "daima" wala "kamwe". Ukiandika ujumbe ukiwa na hasira, uache ulale. Ukiusoma asubuhi utafuta nusu yake.

Swali: *Mume wangu hukagua simu yangu, hushika mshahara wangu, na nikichelewa dakika kumi ananiuliza mpaka usiku wa manane. Amewahi kunikaba mara mbili. Nilipokwenda kuomba msaada niliambiwa twende wote tukasuluhishwe, kwa sababu "ugomvi ni wa watu wawili". Nimepewa tarehe. Ninaogopa yale nitakayoyasema mbele yake.*

Jibu: Usiende kwenye kikao hicho cha pamoja. Ulichokieleza si ugomvi wa wazazi, dada yangu. Katika ugomvi kila upande unaweza kusema "sikubali" kisha ukalala usingizi. Wewe huwezi. Anayekagua simu, anayeshika fedha, anayehesabu dakika na anayekaba anamtawala mwenzake, na usuluhishi, unaowataka wawili wazungumze kwa uhuru sawa, haufai hapo. Unaweza hata kukuhatarisha mkirudi nyumbani. Mkataba wa Baraza la Ulaya wa mwaka 2011 uliotiwa sahihi Istanbul, katika kifungu chake cha 48, unazitaka nchi wanachama zipige marufuku kuwalazimisha waathirika wa ukatili wapitie usuluhishi. Aliyekwambia ugomvi ni wa watu wawili alikosea, na kosa lake si dogo. Kukabwa koo nako ni dalili ya hatari kubwa, hata kama hakuna alama iliyobaki shingoni. Nenda hospitali, mweleze daktari waziwazi kwamba ulikabwa, na uombe iandikwe.

Wasiliana na ofisi hiyo, ukiwa peke yako na kwa simu ambayo yeye haikagui, uwaambie unaomba kuonwa peke yako kwa sababu unaogopa. Wakikataa, nenda kwa polisi wanaoshughulikia ukatili wa kijinsia, au kwa shirika linalowahifadhi wanawake. Usimpe taarifa kwamba unaondoka wala usimtishie kwamba utaondoka, kwa sababu kipindi cha kuondoka ndicho mara nyingi chenye hatari kubwa. Panga kwanza na mtu anayeijua kazi hiyo mahali pa kulala, vyeti vya watoto, na jinsi ya kuwatoa shuleni. Gazeti hili usiliache mezani.

Swali: *Mimi ni bibi. Mwanangu na mkewe wanagombana mbele ya wajukuu zangu. Niingilie?*

Jibu: Shikamoo, bibi. Ugomvi wenyewe usiuingilie, maana utahesabiwa upande wa mwanao hata ukinyamaza. Ingilia kwa wajukuu: wachukue mchana mmoja kila wiki, ili wazazi wapate saa ya kwenda kwa mshauri bila kutafuta wa kuwaachia watoto. Wajukuu wakikusimulia ya nyumbani, wasikilize bila kuwahoji. Na wakwe wa upande wa pili wakikupigia simu wakitaka mjadili nani alianza, mna mambo mengine mengi ya kuzungumza.

Swali: *Nimemwomba mume wangu twende kwa mnasihi mara nne. Amekataa mara nne. Hanipigi, simwogopi, ila hataki. Je, kuna faida yoyote nikienda peke yangu?*

Jibu: Ipo, na ungeweza kuanza wiki hii. Ugomvi wenu una mizunguko yake, na mzunguko hauwezi kubaki vile vile mmoja anapobadilisha hatua zake. Mnasihi akikuona peke yako hatakusaidia kumlaumu asiyekuwepo. Atakuuliza wewe unaanzaje mazungumzo, maana mabishano yaliyoanza kwa shutuma ni nadra kumalizika kwa utulivu, na mwanzo huo uko mikononi mwako nusu ya nyakati.

Kuna jambo jingine unaloweza kulifanya hata kabla ya miadi. Mwaka 2013 Eli Finkel wa Chuo Kikuu cha Northwestern na wenzake walichapisha utafiti wa wanandoa 120 wa eneo la Chicago waliofuatiliwa kwa miaka miwili. Katika mwaka wa pili, nusu yao walipewa zoezi la kuandika kwa dakika 7, mara tatu tu kwa mwaka mzima. Waliotakiwa kuandika walikumbuka ugomvi wao wa karibuni na kuutazama kwa macho ya mtu wa tatu anayewatakia mema wote wawili: yeye angeuelezaje, ni nini kinachomzuia mwandishi kuona hivyo akiwa katikati ya mabishano, na atafanyaje ili akumbuke kuona hivyo wakati mwingine. Wale ambao hawakuandika waliendelea kupungukiwa na uradhi katika ndoa, kama ilivyokuwa kwa wote mwaka wa kwanza. Kwa walioandika, kupungua huko kulisimama. Dakika 21 kwa mwaka.

Chukua karatasi, chagua ugomvi mmoja, hata huo wa mara ya nne alipokataa, na umwandike mtu huyo wa tatu akiwatazama kutoka mlangoni. Huenda akakuonyesha kwamba ombi lako limekuwa likitoka dakika tano baada ya mabishano, likasikika kama adhabu. Mara ya tano litoe siku ambayo hamna ugomvi, na usimwombe akubali kwenda mpaka mwisho. Mwombe mkutano mmoja, achague yeye mshauri na siku, na mkubaliane kabla ya kutoka nyumbani kwamba baada ya hapo ana haki ya kusema hataki tena.